Mahali Maji Yatapita

Nilikuwa binti wa kwanza wa mtaa wetu, hapa Butembo, kusomea hesabu za maji chuoni, na sikumficha mtu. Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo niliuingiza mlima wetu mzima kwenye kompyuta: mteremko, udongo, mvua. Jiko la mama lilikuwa ukingoni mwa korongo, na kila mvua kubwa ilimega kipande cha uwanja. Nilitaka kujua kama litapona.

Kompyuta ikasema litapona, maji yatapitia kwa majirani. Jumapili, kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Kikristo, nikasimama nikawaonyesha kwa kidole: yatapita hapa, na hapa. Mama aliketi mbele, shingo imenyooka, utadhani ni yeye aliyesoma.

Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya pamoja ambayo hakuna anayethubutu kuikwepa. Tulipomaliza kusafisha barabara, kila niliyemnyooshea kidole alirudi kwake na jembe, akachimba kamfereji ka kuyasukuma maji kwa mwenzake. Mvua iliponyesha, maji yaliyofukuzwa kila mahali yakaja kwetu. Ukuta wa jiko ukaenda nayo.

Nililia kwa hasira, nikasema naacha somo hilo. Mama alikuwa akitafuta mifuniko ya sufuria kwenye matope. Akainuka.

“Hapana lia,” akasema. “Kama batu bangekuzarau, hesabu yako ingekuwa ya kweli. Ilikosea juu balikusikia.”

Kwamba hesabu inaweza kukosea kwa sababu watu wameisikia, hilo hakuna profesa aliyenifundisha. Udongo hausikii utabiri. Majirani zangu wanasikia, na majembe wanayo. Nikaanza upya, nyumba kwa nyumba, nikiuliza: nikikuambia maji yanakuja kwako, utafanya nini? Huyu alimngoja wa juu yake aamue, wa juu naye alimngoja huyu. Hesabu zilinitoa jasho. Mwishowe nikarudi kwenye jumuiya nikawaambia wazi kwamba siwezi kujua maji yatapita wapi mpaka sote tukubaliane tuyapeleke wapi. Salongo iliyofuata tulichimba mfereji mmoja kutoka juu mpaka mtoni. Jiko tulilijenga tena palepale, na mama angali anapikia humo.

Siku ya kutetea kazi yangu, profesa aliyetoka Beni aliniuliza kwa nini utabiri wangu wa kwanza ulikosea. Kazi hizi hutetewa kwa Kifaransa. Lakini mama alikuwa amekaa nyuma, amevaa kikwembe chake kipya, nami nilitaka jibu hilo limfikie.

“Juu balinisikia,” nikasema.