Vishikizo vya Bembea ya Khanye

Banda la gari la MaDlodlo, kule Nketa mjini Bulawayo, halikuwa na gari tangu mumewe afariki. Ndani mlikuwa na mashine. Kaka yake aliyeko Johannesburg alimletea siku MaDlodlo alipostaafu ualimu wa ufundi wa chuma chuoni: mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ukubwa wake kama meza ya kulia chakula. Majirani waliichukia. Ilipowashwa ililia kwa sauti kali, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

"MaDlodlo, leo unamchinja nani?" jirani yake, NaLindani, aliyeuza sokoni amacimbi, viwavi vya kuliwa vilivyokaushwa, alikuwa akiuliza juu ya ukuta.

"Alumini. Na haitaki kufa."

Kusema kweli mashine ile iliundwa kwa ajili ya mbao. Kuchongea alumini ni kumbebesha punda mzigo wa ngamia. Lakini mama huyu alijua kuibembeleza. Alifunga kisu chembamba cha jino moja, akakiamuru kikate kidogo kidogo, unene wa kucha kwa kila mpito, huku kompresa ikipuliza maranda yasirudi chini ya kisu yakayeyuka na kukikaba. Alumini njema ikichongwa hivyo hutoa maranda makavu yanayoruka kama mtama kwenye ungo. Ndivyo alivyowachongea watu magurudumu ya pampu za visima, vipuri vya cherehani, hata jina la kanisa moja, herufi kwa herufi.

Khanye alikuja mwezi wa pili, akiendesha pikapu nyeupe. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, mcheshi, shati limepigwa pasi. Alishusha vipande vitano vya alumini nene na karatasi yenye mchoro wa penseli.

"Nimeambiwa bingwa yuko hapa."

"Bingwa ni mashine, baba. Mimi naisindikiza tu."

"Basi isindikize initolee vishikizo kumi na viwili kama hiki. Tundu juu, tundu chini."

MaDlodlo aliugeuza mchoro. "Vya kushikia nini?"

"Taa, mama. Taa za mapambo."

"Zina uzito gani?"

Khanye akacheka. "Mapambo ni mapambo! Umewahi kuona puto likimvunja mtu mguu?"

MaDlodlo naye akacheka. Kicheko kile alikuja kukijutia.

Tangu kishikizo cha kwanza alumini ile haikumpendeza. Maranda hayakuruka. Yalitoka marefu, laini, yakajisokota kwenye kisu kama ugali mbichi kwenye mwiko. Alivunja visu viwili na kuharibu kishikizo kimoja, akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Hii ni alumini ya sufuria, aliwaza, haijapikwa ikakomaa. Lakini taa haihitaji zaidi ya hapo. Akamaliza kazi, na kwa mazoea ya chuoni akagonga alama kwenye kila kimoja: herufi D na namba, moja hadi kumi na mbili. Khanye akavichukua akipiga mluzi.

Wiki moja kabla ya Pasaka, NaLindani alichungulia ukutani uso umemchangamka.

"Umesikia? Bembea ya kuzunguka imekuja, iko kwenye uwanja nyuma ya soko. Mwanangu Lindani hali, halali. Jumamosi nampeleka, la sivyo atanitoa roho."

Alhamisi MaDlodlo alikwenda kununua mboga, akakatiza uwanjani. Bembea ilikuwa imesimama, nguzo ndefu yenye mwavuli wa chuma uliopakwa rangi nyekundu na njano. Kuizunguka vilining'inia viti kumi na viwili vya watoto, kila kiti kwa mnyororo mmoja mnene. Aliinua macho auone mnyororo ulikoshikia.

Kilichoshika mnyororo ni kipande cha alumini. D7.

Kapu lilimponyoka, nyanya zikabiringika mavumbini. Alizunguka nguzo yote akisoma namba, moja moja, kama mtu anayesoma majina makaburini. Zote zilikuwa zake.

Khanye alikuwa amekaa kwenye kreti, akila isitshwala, ugali wa kwao, na nyama pamoja na vijana wake wa kazi.

"Khanye, uliniambia taa!"

"Taa si zile?" Akaelekeza kidole kwenye mwavuli, na kweli palikuwa na taa za rangi zimezungushiwa ukingoni. Vijana wakaangua kicheko.

"Usinifanyie mzaha. Vile vya zamani vilikuwa vya chuma, sivyo?"

"Vilikuwa vizito, vimeoza kwa kutu. Vyako vinapendeza. Mama, bembea hii imezunguka mjini Gwanda wiki tatu nzima, hakuna mtoto aliyechubuka hata kidole."

"Alumini ile ni laini. Haivunjiki siku ya kwanza. Inachoka."

"Ikichoka itapumzika," alisema Khanye, akamega tonge jingine.

MaDlodlo alirudi nyumbani hata mboga hakununua. Alikitafuta kile kishikizo kilichoharibika, akakining'iniza kwenye boriti ya banda, akakifunga mnyororo na gunia la mchanga lenye uzito wa mtoto wa miaka kumi. Akalisukuma gunia. Likaenda, likarudi. Siku nzima ya Ijumaa Kuu, watu wakienda kanisani na kurudi, yeye alikuwa akisukuma gunia. Jioni alikishusha. Tundu la chini, alilolichonga mviringo kamili, lilikuwa limevutika likawa umbo la yai. Na kwenye pembe ya ndani palikuwa na kitu kama unywele. Alipitisha ukucha. Ukucha ukanasa.

Alikwenda kwa NaLindani papo hapo. "Kesho usimpeleke mtoto."

"Ee! Mtoto amelia wiki nzima! MaDlodlo, wewe na hiyo mashine yako siku hizi mnaogopa hata upepo."

"Mimi ndiye niliyevichonga, NaLindani. Nakwambia vina ufa."

"Na wale wa Gwanda mbona hawakuanguka?" NaLindani alisema, akafunga dirisha.

Asubuhi ya Jumamosi MaDlodlo alitia mkobani makopo matatu ya kupimia nyufa aliyotoka nayo chuoni: la kusafishia, la rangi nyekundu na la unga mweupe. Alikuta uwanja umefurika, muziki unapigwa, watoto wamepanga foleni hadi barabarani. Alikata tiketi kama watu wengine. Akaenda kwenye kiti chini ya D7, akakaa, akakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, wala hakufunga mkanda.

Kijana anayeendesha bembea alimpungia. "Bibi, inua miguu! Tunaondoka!"

"Siinui."

"Basi shuka."

"Sishuki."

Watu wakaanza kucheka. "Bibi anataka kuruka!" mmoja alipaza sauti. "Mfungeni mabawa!" Viti vingine vilikuwa vimeshajaa. Katika kiti cha nne alimwona Lindani, amekumbatia mnyororo, meno yote nje.

Khanye alifika mbio, tabasamu limekaa upande. "Mama, unakula muda wa watu."

MaDlodlo hakumjibu yeye. Aliwageukia wazazi, akatumia ile sauti aliyokuwa akiitumia kuzishinda mashine ishirini karakanani.

"Vyuma hivyo hapo juu vinavyoshika watoto wenu nimevitengeneza mimi, MaDlodlo wa Nketa. Nilidanganywa ni vya taa. Nipeni ngazi nikipake kimoja tu, hiki cha juu yangu, rangi inayofichua ufa. Nikiwa mwongo, nitapanda mimi mwenyewe wa kwanza, na nitawaomba radhi hapa hapa."

"Ana wazimu," Khanye alisema.

"Kama ana wazimu unaogopa nini?" mwanamume mmoja aliyembeba binti yake begani aliuliza. "Mpe ngazi!"

"Mpe ngazi!" wengine wakadakia.

Alipanda, mama wa miaka hamsini na tisa. Alikisafisha D7, akakipulizia rangi nyekundu, akangoja. Mtu akazima muziki. Baada ya kungoja kwa muda, aliifuta rangi kwa kitambaa hadi kishikizo kikang'aa, safi kabisa, na chini watu wakaanza kuguna. Kisha akakipulizia ule unga mweupe.

Kwanza hapakuonekana kitu. Halafu pembeni, juu ya weupe ule, pakatokea mstari mwekundu mwembamba. Ukarefuka. Ukanenepa, ukaanza kuvuja kama kidonda, ukitoka pembeni hadi karibu na katikati ya kishikizo.

Halafu NaLindani akapiga yowe, akamkimbilia mwanawe kwenye kiti cha nne, na wazazi wote wakawashusha watoto wao.

Baba yule wa binti begani alimshika Khanye kola. "Fungua vyote. Sasa hivi." Vijana wakapanda na spana. Kishikizo kimoja baada ya kingine kiliingia guniani, huku watu wakisukumana na kufokeana kiasi kwamba hakuna aliyehesabu. Khanye alimtupia MaDlodlo gunia miguuni, akainama karibu na sikio lake. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha.

"Alama ni yako, mama," alinong'ona. "D. Siku mtoto akianguka watasoma jina lako, si langu."

"Najua," MaDlodlo alisema. "Ndiyo maana nimekuja."

Nyumbani alimimina gunia mezani. Tisa. Akapanga, akahesabu upya, akakung'uta gunia. D2, D5 na D11 havikuwamo.

Kulipopambazuka Jumapili uwanja ulikuwa mtupu. Pamebaki alama za matairi na karatasi za pipi. Alitoa maelezo kituo cha polisi, askari akaandika kurasa mbili, akamwambia watawaarifu wenzao wa wilayani. Kisha akaanza kupiga simu ya Khanye. Jumatatu haikupokewa. Jumanne haikupokewa. Jumatano, saa kumi alasiri, ikapokewa.

Alisikia muziki ule ule. Nyuma ya muziki alisikia watoto, wengi, wakicheka kile kicheko cha juu kinachopanda na kushuka, kinakuja karibu na kwenda mbali.

"Khanye! Vishikizo vitatu umevifunga wapi? Khanye!"

"Mama, hatusikilizani, kuna kelele huku," Khanye alisema kwa upole, akakata.

NaLindani, aliyekuwa akianua nguo, alimwona akitoka na mkoba wenye makopo yake matatu na spana kubwa ya mumewe.

"Unaenda wapi saa hizi, dada'angu?"

"Gwanda kwanza, nikavifungue vile vitatu alivyobaki navyo Khanye. Nisipowakuta nitashuka kusini, mji kwa mji."

NaLindani aliziacha nguo kwenye kamba. Aliingia ndani, akatoka na shali begani na mfuko wa amacimbi ya njiani, akamshika Lindani mkono na kumwacha kwa jirani wa pili. Wakaenda wawili, kwa haraka, bila kuzungumza, na upande wa kusini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.