Mwanamke Asiyevuka Mpaka

Benedeta Taaka wa Busia ya Uganda, muuza dagaa mwenye ulimi usio na breki, si mtu wa kutishika upesi. Amewahi kuwafokea askari wa forodha, na diwani amewahi kumtoa jasho mbele ya wapiga kura wake. Lakini Jumamosi ile, alipoambiwa Profesa Acom anakuja nyumbani kwake, alifagia ua mara tatu na bado akauona mchafu.

Tuelewane hapa: huyu si profesa wa hivi hivi. Wote wanaosomea udaktari katika chuo kikuu anachofundisha, ule udaktari wa vitabu usiotibu hata mafua, wako chini yake. Yeye ndiye anayesema huyu aendelee, huyu arudi kwao. Sandra, mmoja wa wanafunzi hao, muuguzi kutoka Tororo aliyepanga chumba kwa Benedeta mwaka mzima, alilitaja jina hilo kwa sauti ya chini hata wakiwa wawili tu jikoni.

Na Sandra alikuwa mashakani. Alikuwa akichunguza jinsi magonjwa yanavyosafiri na watu wa mpakani, akawauliza wanawake mia tatu: mwezi uliopita umevuka mpaka mara ngapi? Karibu wote wakajibu: sikuvuka hata mara moja. Kule chuoni watu wakatazamana. Wanawake wanaoishi hatua kumi kutoka Kenya, hawavuki? Wakaanza kunong'ona kwamba binti huyu hakuuliza mtu, amejaza karatasi mwenyewe. Ikithibitika hivyo anafukuzwa, miaka minne inakwenda na maji, na hakuna chuo kitakachomgusa tena. Profesa akasema hatahukumu kabla ya kusikia kwa masikio yake.

Ilimuuma Benedeta kama ndiye aliyeshtakiwa. Nyumba zile mia tatu yeye ndiye aliyezipitia na Sandra, jua kichwani, akiwatuliza wenye wasiwasi na kuwakemea wenye mzaha. Majibu yote aliyasikia. Yalikuwa ya kweli, na atakula kiapo popote!

Profesa akafika. Benedeta alitazamia mtu mkubwa, pengine na wasaidizi wawili watatu wa kumbebea mikoba. Akashuka mama mwembamba kwenye bodaboda, viatu vyake vina vumbi, akasalimia, akaketi kwenye kigoda alichoonyeshwa. Benedeta akasahau maneno yote aliyoyapanga. Mwanamke huyu alikuwa amesoma mpaka vitabu vikaisha, halafu ameketi uani kwake anauliza hali ya watoto! Moyo ulimjaa hata akaogopa kupumua kwa nguvu.

Sandra alisimama mlangoni, mikono ameikunja.

Profesa hakuzunguka. Akaifungua karatasi ya maswali, akasoma swali lile lile.

"Mimi sivuki, Mama Profesa," Benedeta akajibu. "Mwezi jana sikuvuka. Huu pia, bado."

Profesa akaandika. Benedeta akaona aibu, mgeni wa namna hii hajapewa hata chai. Maziwa hayakuwepo. Akaomba radhi, akachukua kikombe, akapita nyuma ya nyumba, akauruka mtaro, akapotea kati ya migomba. Dakika tano baadaye amerudi na kikombe kimejaa. Profesa alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba, anautazama mtaro ule.

"Maziwa umeyatoa wapi, Mama Benedeta?"

"Hapo tu, kwa Dorah."

"Na Dorah anaishi nchi gani?"

"Si Kenya?"

"Basi umevuka mpaka."

Benedeta alimtazama kwa huruma. Kumbe na kisomo chote kile! Akamweleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba kuvuka ni pale getini, kwenye malori na foleni, ukiwa na karatasi ya kugongwa muhuri. Kwa Dorah mtu havuki. Kwa Dorah mtu anakwenda upande ule.

Profesa akarudi kigodani, akaiweka karatasi magotini. Kisha akamwita Sandra aje karibu, akamuuliza kama anakumbuka swali lake la kwanza kabisa lilikuwa limeandikwaje.

"Umekwenda upande ule mara ngapi," Sandra akajibu.

"Na nani alilibadilisha?"

Sandra akainamisha kichwa. Angejibuje?

"Ni mimi," Profesa akasema. "Nilikwambia hicho si Kiswahili cha kitaaluma. Majibu yako ni ya kweli, Sandra. Swali ndilo halikuwa na maana kwao, na swali ni langu. Jumatatu nitawaandikia hivyo wote walionong'ona."

Sandra akajifunika uso, akalia kwa sauti. Siku nyingine Benedeta angekwenda kumshika. Siku ile hakuweza kumwondolea macho Profesa. Wakubwa amewaona wengi, wa serikali na wa kanisa, na kila mmoja akibanwa hutafuta mdogo wa kumbebesha kosa lake. Huyu alikuwa na mdogo wake tayari, kashtakiwa, amesimama mbele yake, na kosa amelichukua mwenyewe! Benedeta alisikia mwili ukimsisimka.

"Itabidi kuuliza upya wote mia tatu," Profesa alisema. "Wewe, Mama, leo umekwenda upande ule mara ngapi?"

Benedeta akahesabu kwa vidole: kusaga unga, kumjulia hali mamake, chumvi, maziwa. Akashangaa mwenyewe.

"Nne. Na bado saa sita haijagonga."

Profesa akaandika nne. Akafuta machozi ya Sandra kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha akamkabidhi karatasi ya maswali, akabaki na kalamu, akachukua mzigo wa karatasi za majibu za Sandra na kuubeba kifuani.

"Leo wewe uliza," akamwambia. "Mimi nitaandika."