Mwaka Tuliofanya Mtihani Pamoja, Mimi na Binti Yangu

Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea ninakopika ndiye aliyenisukuma. Asubuhi hiyo mwalimu wa watoto wadogo kabisa alikuwa hajafika, na uji wangu ulikuwa tayari, kwa hivyo nikatoka jikoni nikaenda kukaa na watoto. Wawili walikuwa wanalia, mmoja amevua viatu na hataki kuvivaa. Nikawaanzishia wimbo wa kuhesabu vidole, mpaka yule wa viatu naye akaimba. Nilipogeuka, mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Baadaye alinifuata jikoni. "Wewe ungefaa kuwa darasani," akaniambia. "Shule uliachia wapi?"

"Fomu tuu, madam."

"Basi rudi ufanye mtihani wa fomu foo. Ukiwa na cheti, chuo kitakuchukua usomee ualimu wa watoto. Mimi mwenyewe nitakupa darasa."

Nilicheka, nikaendelea kuosha vikombe. Lakini maneno yake sikuyaacha pale kwenye karai. Niliyabeba hadi nyumbani, hapa mtaani Section 58.

Niliacha shule nikiwa kwetu kijijini, Keringet. Mama yangu aliugua, nami nilikuwa kifungua mimba, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo waliohitaji kupikiwa na kufuliwa. Hakuna aliyenifukuza shule wala kunilazimisha. Siku moja sikwenda, na ya pili yake, kisha ikawa mazoea. Mama alipopona nilikuwa nimeshaolewa. Katika miaka yote iliyofuata, mtu akiniuliza nimesoma hadi wapi, nilijifanya sijasikia, au nilimuuliza kama atakunywa chai.

Jioni hiyo nilimwambia binti yangu, ambaye alikuwa ameanza kidato cha nne katika shule ya kutwa. Nilitarajia acheke. Aliacha kula, akanitazama.

"Mum, uko serious?"

"Nauliza tu."

"Yaani tufanye mtihani mwaka mmoja, mimi na wewe?" Akashika mdomo. Kisha akainuka, akanikumbatia na mikono yake yenye mafuta ya sukuma wiki.

Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi, nikaanza kuhudhuria masomo ya watu wazima kila Jumamosi mjini. Siku nyingine nilisoma peke yangu, na kusema kweli sikujua kusoma. Nilichukua kitabu cha Biolojia nikaanza ukurasa wa kwanza, kama mtu anayelima shamba lote kwa mkono mmoja. Nilipiga mstari kila sentensi niliyoona ni ya maana, na zote zilikuwa za maana. Nikafika katikati ya kitabu nikiwa nimechoka na sikumbuki chochote cha mwanzo.

Binti yangu alinikuta hivyo alasiri moja, kitabu kikiwa mapajani na macho yakijifumba.

"Mum, hapo unasoma ama unatazama?"

"Nasoma."

"Haya, funga kitabu. Niambie chakula kikifika tumboni kinafanyika nini."

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ukurasa niliuona mbele ya macho yangu, na mistari yake yote niliyopiga, lakini hata neno moja halikutoka.

"Si ubaya," akasema, na akakaa kando yangu. "Mwalimu wetu hutwambia hivyo. Ukisoma na kitabu wazi, unajidanganya unajua. Soma kidogo, ufunge, ujiambie mwenyewe. Ukikwama ndio unafungua."

Kuanzia hapo nilisoma nikimenya viazi. Nilisoma sehemu ndogo kabla ya kwenda kazini, kisha siku nzima pale jikoni niliisema kwa sauti ya chini, na ulimi wangu ukizoea Kiingereza cha Biolojia polepole. Mwenzangu wa jikoni mwanzoni alidhani naomba Mungu. Siku nyingine aliniambia, "Leo umeruka kitu. Jana ulisema ini linafanya kazi nyingine pia." Ilikuwa kweli. Tulicheka mpaka maharagwe yakakaribia kuungua.

Binti yangu pia ndiye aliyenitengenezea ratiba. Aliichora nyuma ya kalenda ya zamani, akaibandika ukutani karibu na jiko. Nilipoitazama niliona Hisabati kila asubuhi.

"Hisabati mbona nyingi hivi? Si ungeweka Dini, ama Kilimo?"

"Hizo unazipenda, kwa hivyo utazisoma hata bila ratiba. Hisabati ndio unaikimbia. Inakaa asubuhi, kichwa kikiwa fresh."

Nikaiacha palepale ukutani. Alikuwa na umri niliokuwa nao nilipokuwa nikifua nguo za wadogo zangu, na alikuwa ananiongoza vizuri kuliko ambavyo ningejiongoza.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na ratiba. Nilipomuuliza yake iko wapi, aligusa paji la uso akasema, "Iko hapa." Nikamwamini, kwa sababu alikuwa mtoto anayejua mambo. Aliamka kabla yangu na kulala baada yangu. Alisoma chochote ambacho marafiki zake walikuwa wanasoma: leo mwenzake akimwambia Historia, kesho mwingine akimtumia maswali ya Fizikia kwenye simu yangu. Alipunguza kula. Nilidhani ndivyo kidato cha nne kilivyo.

Kisha ukaja mtihani wa mwigo, ule wa kujipima kabla ya mtihani wenyewe. Siku ya Kemia alirudi nyumbani mchana, hajavua sweta la shule, akapita moja kwa moja hadi kitandani akajifunika shuka mpaka kichwani. Nilimfuata nikakaa pembeni mwa kitanda.

"Nilikuwa najua, Mum," akasema chini ya shuka. "Naapa nilikuwa najua. Nimefungua tu pepa, kila kitu kikaenda. Nimekaa hapo naangalia jina langu tu."

"Pole, mama."

"Sifanyi tena. Ufanye wewe. Mimi sitaki."

Nilitaka kumwambia ajikaze, maneno ambayo wazazi huyatoa haraka. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi mwaka huo, na nilijua kujikaza hakukunisaidia hata siku moja. Nilimchemshia chai ya maziwa, nikampa na kiazi kitamu, nikamwacha alale. Alilala kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Wiki iliyofuata walirudishiwa karatasi zao. Yake ya Kemia aliikunjakunja na kuitia chini ya begi. Nikaitoa, nikainyoosha mezani, nikamwita.

"Kaa hapa. Uliponifundisha nilikusikiliza. Sasa na wewe nisikilize."

"Mum, wewe hujui Kemia."

"Sijui. Ndio maana utanisomea."

Nilimwambia asome kila swali, kisha aniambie kitu kimoja tu: hilo swali alilijua, alilijua nusu, au hakulijua kabisa? Nikaweka alama pembeni kwa penseli. Alianza kwa hasira. Swali la kwanza, "Nililijua." La pili, "Hili pia nililijua." Tulipofika katikati sauti yake ilikuwa imebadilika. Mwisho tukaangalia alama zangu, na yale ambayo hakuyajua kabisa yalikuwa machache, na karibu yote yalitoka sehemu moja: hesabu za moli.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Naona ni hiyo tu. Mengine ni woga na njaa."

Alinitazama, kisha akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile ya Kemia. Siku hiyo hiyo akachora ratiba yake, akaibandika kando ya yangu. Hesabu za moli akaziweka asubuhi. Tukakubaliana pia kwamba giza likishaingia na tukishakula, vitabu vinafungwa. Alibisha, akisema wenzake wanakesha. Nikamwambia wenzake sikuwazaa mimi.

Likizo ya Agosti tulikwenda Longonot kwa baba yake, anayefanya kazi kwenye shamba la maua huko na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Anaishi chumba kimoja. Nje kuna upepo na vumbi, na ukikaa mlangoni unauona mlima wote. Nilikuwa na wasiwasi kwamba hatutasoma. Mambo yakawa tofauti.

Mume wangu hakuwahi kusoma Kemia. Alasiri akitoka kazini aliosha miguu, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kumwambia binti yake, "Haya, nifundishe." Binti akaanza kwa kasi, na baba yake akamsimamisha.

"Ngoja. Hiyo moli ni kitu gani? Ni kama kilo?"

"Hapana, Baba. Ni kiasi. Kama vile ukisema dazani, watu wanajua ni ngapi."

"Sawa. Dazani ya nini?"

"Ya vitu vidogo sana, huwezi kuviona."

"Na kama huvioni unavihesabu aje?"

Nilimwona binti akifikiri, akitazama mlima kama jibu liko huko. Kisha akaanza upya, taratibu, akachukua mahindi tuliyokuwa tunapukuchua akayapanga chini. Alisema ukijua uzito wa punje moja huna haja ya kuzihesabu zote, unazipima tu. Baba yake alitikisa kichwa, akauliza tena, akakosea, akarekebishwa. Hata sasa sidhani aliielewa moli. Lakini kila siku aliuliza, na kila siku binti alieleza vizuri kuliko jana, mpaka jioni moja akamaliza hesabu nzima bila kugusa kitabu, akapiga makofi mwenyewe. Baba yake akamwambia, "Mimi bado sijashika, lakini wewe umeshika." Nami nilikuwa pembeni na Hisabati zangu, nikageuza uso wasione machozi.

Mtihani wenyewe ulifika na mvua. Yeye alifanyia shuleni kwao, mimi kwenye shule nyingine ng'ambo ya mji. Siku iliyotangulia nilikwenda kuiona njia na kuujua ukumbi, kwa sababu ratiba yetu ilikuwa imesema hivyo. Asubuhi ya kwanza tulikula mayai na chai. Mlangoni akaninyooshea kola.

"Anza na zile unazijua, Mum."

"Na wewe pia."

Pale getini askari alinizuia. "Mathe, wazazi wanangoja huku nje."

"Mimi si mzazi leo," nikamwambia. "Nimekuja kufanya mtihani." Nikampa kitambulisho. Alikitazama, akanitazama, kisha akafungua geti lote, kana kwamba nimekuja na gari. "Ingia, mathe. Kila la heri."

Ndani kulikuwa na vijana watupu. Msichana wa meza ya jirani alikuwa anafungua na kufunga kifuniko cha kalamu, na kumwona hivyo kulinituliza, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu nilimjua. Nilikuwa na mmoja kama yeye. Siku ya Hisabati nilisoma karatasi yote kwanza. Yalikuwepo maswali ambayo sikuyajua hata mkia, nikayapita. Nikaanza na ya asilimia, nikaja kwa ya pembe, nikaona mkono unakwenda. Nilipotoka nje mvua ilikuwa inanyesha, nami nilitembea ndani yake bila kukimbia.

Siku ya Kemia nilimngoja mlangoni, nimeshindwa kufanya kazi yoyote. Alikuja akitembea polepole, na uso wake sikuweza kuusoma. Alipofika karibu akasema, "Moli ilikuja."

"Na?"

"Nikamwona Baba na mahindi yake. Nikaifanya yote."

Matokeo yalitoka Januari, asubuhi nikiwa kazini. Alikuja mbio mpaka shule ya chekechea, simu mkononi, akapita getini bila kumsalimia mtu. Alitaka kwanza yangu. Mtandao ukakataa, ukakubali, ukakataa tena. Mwalimu mkuu alikuwa ameacha ofisi yake amesimama nasi kando ya sufuria.

"Imefunguka," binti yangu akasema. Akaisogeza simu karibu na uso.

"Sema."

"C, Mum. C plain. Umepata!"

Ndiyo niliyohitaji kwa chuo, wala si zaidi. Hisabati ilikuwa D plus, na ile D plus naipenda kuliko alama nyingine zote. Mwalimu mkuu alipiga vigelegele, na watoto wakatoka darasani kuona kuna nini, wakaanza kuruka bila kujua wanarukia nini. Kisha tukafungua yake. B plus. Kemia B. Alikaa chini pale pale kwenye saruji, mgongo ukutani, akapumua kwa muda mrefu.

"Nitasomea unesi," akasema.

Tulimpigia baba yake. Kelele za pampu ya maji pale shambani zilikuwa nyingi, ikabidi binti arudie mara kadhaa, yake kisha yangu. Nikasikia pampu imezimwa. "Wote wawili?" akauliza. "Wote wawili, Baba." Nikamsikia akiwaambia wenzake, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia, kwamba kwake nyumbani wamefaulu watu wawili.

Alasiri hiyo majirani walijaa nyumbani, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Nilikaa kwenye kiti nikiwasikiliza. Mtu aliniletea soda nikaishika mkononi. Nakumbuka binti yangu akicheka na wenzake pale mlangoni, na mwenzangu wa jikoni akiwaeleza wageni kazi za ini, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Halafu sikumbuki tena, kwa sababu usingizi ulinichukua hapo hapo, katikati ya wageni, na hakuna aliyeniamsha.