Matairi Matatu ya Karani

Matairi ya kigari changu kuukuu yalikuwa yameisha hadi nyuzi zinaonekana. Wakati mwingine ningecheka tu. Lakini mke wangu alikuwa na mimba kubwa, mtoto amelala vibaya tumboni, na mkunga wa Garissa alitaka akajifungulie Nairobi. Vita vilikuwa vimepamba moto, hivyo magari yalisafiri kwa msafara wa askari tu, na msafara haukumngoja mwenye pancha. Gari lake lilisukumwa kando, yeye akapandishwa lori. Mke wangu juu ya lori, kwenye mashimo yale!

Nilizunguka sokoni juani hadi nikalichukia neno tairi. Duka moja lilikuwa na mapya ya pikapu. Tulipoyajaribu, yalisugua bodi kila nilipokata kona. Kwingine yalikuwa yameshachorwa chaki, yakatwe makubadhi. Mwisho nikafika kwa mzee Msomali niliyezoea kunywa chai dukani kwake. Akaniviringishia magurudumu matatu, saizi yangu kabisa, meno bado mazima. Nilifurahi kama mtoto. Yeye hakufurahi; akanipa pole kwa lafudhi yake.

“Bole, mwalimu. Mimi siwezi ficha wewe. Hii ni ya gari ya yule rafiki yako karani. Ile ya nne ndiyo ilikanyaga bomu. Wallahi, ingine sina.”

Karani alikuwa na gari kama langu, tukitaniana lipi litakufa kwanza. Alikuwa akienda likizo kwao Nairobi. Niliketi juu ya gunia la sukari, nimechoka na joto, nimechoka na vita, nimechoka kuuliza nani karudi. Kisha nikayachukua.

Mke wangu nilimwambia yote. Aliyatazama, mkono tumboni.

“Yafunge,” akasema. “Angekuwepo angetuazima mwenyewe.”

Siku ya safari, afisa wa msafara aliyapiga teke moja baada ya jingine. La nne, kuukuu langu lililokuwa na nafuu, akalipiga mara mbili, akaguna, akaturuhusu.

Tulikula vumbi la lori la mbele hadi tukaliona gari la karani kando ya barabara, limelalia tumbo, halina gurudumu hata moja. Kupunguza mwendo kulikatazwa. Mke wangu alilipungia mkono.

“Alifika hapa,” akasema.

Nairobi tulifika bila pancha, na mtoto akazaliwa salama. Ila kutoka pale lilipolala gari la karani hadi Thika niliendesha nikilia, maana matairi yake yalikuwa yakimalizia safari ya likizo yake, na ndani ya gari tulikuwa sisi.