Miezi Minane ya Kuzilaumu Breki

Kwetu mtu mzima hakosei. Kikiharibika kitu mbele yake, basi kitu hicho kilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Ndiyo maana baba yangu alipougonga ukuta wa jirani hapo Ibra, Omani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, jirani alitoka mbio, akamshika mkono na kumwomba radhi.

"Samahni ya ammi," alisema, "ukuta huu niliujenga karibu mno na njia."

Ukuta ulikuwepo kabla baba hajahamia mtaa ule. Baba alimsamehe.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, milango miwili, injini ya silinda nane, rangi nyekundu iliyopaushwa na jua la mkoa wetu wa Sharqiyah. Boneti yake ilikuwa ndefu hata dereva alijiona kama anafuata gari jingine. Baba alilinunua miaka ya sabini, alipotoka Tabora mikono mitupu na kupata huku mshahara wake wa kwanza wa maana. Tabora alikuwa fundi wa malori, anayetafutwa na matajiri wenye malori yao. Hapa alikuwa karani wa bohari, akihesabu madawati. Kila Ijumaa baada ya sala alimpakia mama, wakaenda Al Qabil kumtazama shangazi yetu. Ufunguo hakuugusa mtu mwingine. Magari yetu sisi watoto, ya Kijapani, aliyaita masufuria.

Ukweli tulikuwa nao tangu mwanzo. Baba alikuwa na sukari, na mguu wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Siku moja alifika msikitini na ndara moja. Ya pili ilimvuka njiani asijue. Alirudi nyumbani akizitukana ndara za siku hizi, na sisi tukazitukana pamoja naye. Mguu huo huo ndio uliokanyaga breki, na kiti cha pembeni alikaa mama. Kila mmoja wetu alijua kwamba Ijumaa moja baba atamuua mama. Kila mmoja alijua pia kwamba kumwambia baba atoe ufunguo ni kumwambia akae mkekani asubiri sanda. Basi tukanyamaza, na unyamavu wetu tukauita adabu.

Dada yangu ni nesi mjini Nizwa. Kazini huwaambia wazee wa watu, bila kupepesa macho, kwamba wasipoacha halwa watakatwa miguu. Tulimwita aje kutuokoa. Alikuja Alhamisi, akakaa chini kumkata baba kucha, na katika kukata akamchoma kidole cha mguu wa kulia kwa pini mara tatu. Baba aliendelea kusoma gazeti. Dada akainuka, akatukusanya jikoni na kufunga mlango. Tukangoja hukumu ya daktari.

"Breki," alisema.

Tukapumua. Tukabadilisha pedi. Baba akauparamia mtende. Tukabadilisha mipira ya mafuta, akang'oa geti letu wenyewe. Tukaleta silinda kubwa ya breki, akaingia kwenye kibanda cha tende Al Qabil, na mwenye kibanda akamgombeza mwanawe kwa kupanga makasha mahali pasipofaa. Miezi minane gari lilizidi kuwa jipya. Mgonjwa alikuwa mmoja na tulimtibu mwingine, na kila tulipomtibu tulikunywa kahawa na kumshukuru Mungu kwamba tatizo limejulikana.

Mwishowe baba mwenyewe ndiye aliyepima. "Kalipa," alisema. "Kalipa zimekwama." Kalipa ni kile chuma kinachoshika pedi na kuibana diski ili gurudumu lisimame. Hatukuzipata Ibra wala Sur. Binamu yetu aliyekuwa akisoma Marekani alizileta mbili ndani ya sanduku la nguo, amezifunga kwa taulo, na mtu wa forodha alizipimapima mkononi, akamwuliza kama anakwenda kufungua gereji au kupigana vita.

Mafundi wa Sanaiya, mtaa wa magereji, baba hakuwataka. "Wale wanafunga nati kwa mdomo," alisema. Kazi ikaniangukia mimi, ambaye wizarani kazi yangu ni kupiga mihuri. Alhamisi asubuhi tulilipandisha gari kwa jeki, tukaliweka juu ya vigingi vya chuma na kung'oa magurudumu ya mbele. Baba alikaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, akawa mtu mwingine kabisa. Sijapata kumwona ana raha namna ile.

"Usiiache ining'inie kwa mpira! Hiyo si kondoo wa Idi. Ifunge kwa waya. Ndiyo. Sasa safisha hapo. Hapo ndo umesafisha? Mamako anasafisha sufuria vizuri kuliko hivyo."

Nilikwangua vidole, nikameza vumbi, na kufikia saa tano kalipa zote mbili zilikuwa mahali pake. Nikiri kwamba nilijiona fundi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kazi yote ile ilikuwa uwongo.

Ikabaki kutoa hewa. Kazi hii hutaka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani akikanyaga pedeli, mwingine yuko kwenye gurudumu, anafungua skrubu ndogo ya kalipa, na mafuta ya breki yanatoka kwa mpira mwembamba hadi kwenye chupa, pamoja na mapovu. Baba alipanda, akajiweka sawa, mlango akauacha wazi kwa ajili ya joto. Mimi nilianza na gurudumu la upande wa pili.

"Kanyaga, baba!"

"Nimekanyaga!"

Nikafungua. Hakikutoka kitu. Nikafunga.

"Tena, baba!"

"Nimekanyaga! Maa sha Allah, ngumu kama jiwe! Hii sasa breki!"

Nikafungua. Chupa kavu. Nilikagua mpira, nikaupuliza, nikaitoa skrubu na kuichungulia, ina tundu safi. Mara ya tatu alinijibu kwa sauti ya furaha kabisa kwamba toka Tabora hajakanyaga breki nzuri namna ile. Chupa ilikuwa bado kavu. Nikainuka, nikazunguka hadi kwenye mlango wake.

Mguu wake ulikuwa juu ya zulia, pembeni ya pedeli. Aliukandamiza kwa nguvu zote, hata paja lilimtetemeka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya kazi anayoijua. Tulidhani miezi yote ile baba anajua na anatuficha. Kumbe hakujua.

Naapa, neno "zulia" lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Zulia limekaa vibaya, baba, tutalibadilisha. Kuna moja zuri linauzwa Sur. Lakini mikono yangu ilinuka mafuta ya breki na nilikuwa nimechoka.

"Baba," nikasema, "tazama mguu wako."

Akatazama. Akauinua, akauweka tena, safari hii akiufuata kwa macho, kama anausomesha. Mende alipita kwenye zulia na sisi sote wawili tukamtazama mpaka akaingia chini ya kiti.

"Toka lini?" aliuliza.

"Toka ukuta wa jirani."

"Na nyote mnajua."

"Tunajua, baba."

"Dadako? Nesi mzima?"

Nilingoja anitukane kwa ajili ya mguu, au kwa kumvunjia heshima. Ningefurahi. Badala yake alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu.

"Na mama yenu mkaniachia nimpakie," alisema. "Kila Ijumaa. Mkasimama hapo getini mkatupungia mkono."

Alichomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja changu, kisha akaushika mguu wake kwa mikono miwili na kuutoa nje ya gari. Akaniamuru nipande mimi. Yeye alizunguka na fimbo yake, akajishusha chini polepole mpaka akakaa mchangani karibu na gurudumu, akachukua spana.

"Kanyaga," alisema.

Nikakanyaga. Nilisikia mafuta yakilia ndani ya chupa.

"Shikilia. Haya, achia."

Tulimaliza magurudumu yote mawili namna hiyo. Hakuikosea skrubu hata mara moja.

Kisha nikaenda jikoni. Mama alikuwa akichambua mchele. Nilipiga magoti, mtu mzima na watoto wanne, nikamwambia kwamba tulijua tangu mwanzo na tulinyamaza, na kwamba naomba radhi. Hakuacha kuchambua.

"Nami najua, mwanangu," alisema. "Mie ndo nikaaye karibu yake, nauona mguu. Kila Ijumaa nakoga, navaa nguo ya ndani mpya, nikifunga mlango wa gari napiga shahada. Sasa we ulitaka nimwambie nini mume wangu?"