Siku Niliyobariki Manowari ya Muthoni

Kabla sijafika kwa ile aibu ya bwawani Mugutha (na nitafika, msinisukume, mimi ni mzee na aibu yenyewe haijaenda popote), wacha nianze na baiskeli ya baba yangu. Baba alikuwa mchuma kahawa, akajinyima mpaka akanunua baiskeli nyeusi kuukuu kutoka kwa karani wa shamba, na hiyo siku ilipoingia nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka aitwe mzee wa kuibariki. Mzee akaja na kibuyu chake cha muratina, pombe yetu ya kienyeji, akanywa, akaizunguka baiskeli, akanywa tena, akajitemea mate kidogo kifuani vile wazee walikuwa wanafanya, kisha akautemea usukani, na kwa sababu alikuwa na meno machache yale mate yakaenda moja kwa moja ndani ya kengele. Kengele haikulia tena. Watu wakimuuliza baba mbona anapita kimya kimya kama mwizi, alikuwa anawaambia imejaa baraka.

Nawaambia haya ili mjue kwamba kwetu kitu kipya hakitoki nje kabla mzee hajakisemea neno. Kiwe baiskeli, kiwe tangi la maji, kiwe lori. Mimi mwenyewe nimebariki mashine ya kusaga mahindi hapa Makongeni na inasaga mpaka leo. Kwa hivyo muthoni wangu aliponiomba nimbarikie meli, sikushtuka hata kidogo, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Muthoni ninayemsema ni baba ya kijana aliyemuoa Njeri wangu. Ndivyo tunavyoitana, yeye muthoni na mimi muthoni. Yeye alistaafu kutoka benki, anakaa Membley kwenye nyumba yenye geti linalojifungua lenyewe, na mimi nilistaafu kutoka kiwanda cha nguo Thika, na shule niliiacha darasa la nne (au iliniacha, sisi wawili hatukuwahi kukubaliana). Na mnajua mbele ya muthoni mtu hata kukohoa anakohoa kwa adabu.

Sasa huyu bwana ana ugonjwa wa meli. Kila Jumapili baada ya kanisa wazee wenzake walikuwa wanakusanyika kwenye veranda yake kuulizana maswali ya meli za zamani, ilijengwa wapi, ilizama vipi, mkubwa wake alikuwa nani, na anayeshindwa anaosha vikombe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya kazi baharini. Yule mkali wao walikuwa wanamwita Kapteni kwa sababu ya kofia yake nyeupe, lakini kazi yake yote alikuwa daktari wa meno. Njeri ndiye aliyeniambia niwe naenda huko, ati tangu mama yake afariki nimekuwa nikiongea na redio.

Basi nikawa naenda, na mambo yalikuwa hivi.

“Manowari ya Wajerumani iliyojificha Rufiji, vita vya kwanza. Mizinga mikubwa mingapi?” muthoni anauliza.

“Kumi,” Kapteni anajibu, hata hajameza sambusa. “Na meli ilipozama, mizinga ikatolewa majini, ikafungwa magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, nimeushika kwa mkono huu.”

“Wewe kila kitu umeshika.”

“Hata jino lako la nyuma, bwana, usinisahau.”

Halafu muthoni ananigeukia kwa upole. “Na wewe muthoni, unaonaje?”

Na mimi nasema, “Hiyo ni ngumu kujua.”

Karibu mwaka mzima nilikula sambusa za watu kwa hilo neno moja. Wengine walianza hata kuniheshimu, maana kumbe mtu akinyamaza vizuri anadhaniwa ana mengi. Lakini muthoni alikuwa anajua. Nilimwona vile alikuwa ananipitishia sahani kwanza, vile alikuwa anakatiza maswali katikati na kuniuliza habari za mvua za Thika ili na mimi nipate la kusema. Ilikuwa inaniuma kuliko kama angenicheka. Nilitaka siku moja tu huyu mtu aone kwamba nilikuwa nasikiliza, kwamba kile kiti nilikuwa nimekikalia kama mwenzao, si kama mgonjwa aliyeletwa kuota jua.

Kisha ikaja Jumapili ya chupa. Kapteni alieleza kwamba meli mpya kabla haijaingia majini inapigwa chupa puani, na chupa lazima ivunjike, isipovunjika mabaharia wanajua hiyo meli ina nuksi. Muthoni akaongeza kwamba Titanic haikuvunjiwa chupa kabisa, wenyewe hawakuwa na desturi hiyo.

“Na tunajua ilienda wapi,” Kapteni akasema.

Hapo, jamani, nilielewa kila kitu. Mizinga na mabomba ya moshi vilikuwa vinanipita, lakini nuksi haina shule. Nilirudi Makongeni hiyo jioni nikiwa mtu mwenye elimu.

Sasa muthoni alikuwa ametengeneza ile manowari ya Rufiji, ndogo, urefu wake kama mlango uliolazwa. Alikuwa ameijengea kwenye gereji zaidi ya miaka miwili (gari la mama watoto wake likalala mvuani hiyo miaka yote, na mama hakuficha maoni yake), mizinga kumi, mabomba matatu ya moshi, injini ndogo ndani, na rimoti ya kuiendesha. Akaamua iingie majini kwenye bwawa la shamba moja la kahawa upande wa Mugutha. Akaalika wale wazee wote, jamaa zake, watoto, na mbuzi alikuwa ameshaanza kuchomwa tulipofika. Mimi nilikuwa nimevaa suti ya harusi ya Njeri.

“Baba, maombi yawe mafupi,” Njeri akaninong’onezea. “Watu wana njaa.”

Manowari ilikuwa inaelea kando ya ukingo, imefungwa kwa uzi. Muthoni akasimama mbele ya watu na rimoti mkononi, akasema, “Muthoni wangu ndiye mkubwa wetu hapa. Hakuna mwingine wa kuibariki.” Nikaomba, na Njeri ni shahidi, nikaomba kwa ufupi. Kisha muthoni akanikabidhi chupa nzito ya ile juisi ya zabibu yenye mapovu, ile ya kwenye harusi za watu waliookoka, akaniambia polepole, “Mimina kidogo tu hapo mbele.”

Kama ningemimina, leo nisingekuwa na hadithi na ningekuwa bado nakula sambusa. Lakini nilijiambia, huyu anadhani sijui. Ananipa kazi rahisi kama kawaida yake. Nikaishika chupa shingoni, nikainama, nikaigonga pua ya manowari kwa heshima.

Ikasema kong. Haikuvunjika.

“Haijavunjika,” Kapteni akasema nyuma yangu, na watu wakacheka kidogo.

“Inatosha, muthoni,” muthoni akasema. “Inatosha kabisa.”

Hiyo huruma tena. Na mimi hapo kichwani naona miaka miwili ya mtu, naona nuksi imekaa juu yake kama kunguru, na nimeiweka mimi, mbele ya jamaa zake wote. Nikainua mkono kama mtu anayepasua kuni.

Chupa haikuvunjika hata hapo. Niliiangalia, ilikuwa nzima, mapovu yanapanda tu. Kilichovunjika ni manowari, maana kumbe ilikuwa ya mbao nyembamba kama kadi ya harusi, na pale palipokuwa na pua palikuwa na tundu ungeweza kupitisha kabichi. Uzi ukakatika. Na muthoni, kwa mshtuko, akaikaza rimoti, injini ikashika, na manowari ikaondoka kuelekea katikati ya bwawa, bila pua, inakunywa maji huku inakwenda, na wale watoto wakaishangilia wakidhani ndiyo mpango.

Ningesimama hapo. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi niliingia majini na suti, nikazama kwenye matope mpaka magotini, kiatu kimoja kikabaki huko chini, nikajirusha nikaishika manowari kwa mabomba ya moshi, na yenyewe ikashuka taratibu, ikaniachia mabomba mawili mkononi. Nilipogeuka kurudi, Kapteni alikuwa amevua kofia, ameiweka kifuani.

Nikatoka nikampa muthoni mabomba yake. Kapteni akayaangalia.

“Yalikuwa matatu,” akasema.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilikuwa baya. Mama watoto tu ndiye aliyefunika mdomo kwa leso, nadhani alikuwa analifikiria gari lake. Muthoni akanishika bega, suti inachuruzika maji, akasema kwa ile sauti yake ya sambusa, “Usijali, muthoni. Hata ile ya kweli ilizama. Njoo ule, ubavu umeiva.”

“Nilitaka ivunjike,” nikamwambia. “Ile Jumapili ya chupa nilikuwa nasikiliza.”

“Najua,” akasema. “Leo nimeona.” Halafu midomo ikaanza kumcheza, akageuka haraka akajifanya anaangalia mbuzi, na mabega yake yote mawili yalikuwa yanatikisika.

Siku hizi mtu akiniita kubariki kitu nauliza kwanza kimetengenezwa na nini, na chupa siishiki, hata ya soda nakunywa kwa kikombe. Njeri anasema muthoni hana kinyongo, ameshaanza nyingine, na kiti changu bado kipo. Nasema asante. Lakini hiyo siku nilimwambia muthoni nimesikia kuhusu ubavu, wacha kwanza nioshe mikono, nikaupita mfereji wa kunawia, nikaingia kati ya mistari ya kahawa na kiatu kimoja, nikatokea barabarani, na mpaka leo, kwa muthoni wangu, bado ninaosha mikono.