Fundi Kiganja na hita iliyopuliza baridi

Saa moja na nusu asubuhi, injini ikiwa bado baridi, Fundi Kiganja anafungua boneti na kuweka mkono juu ya mpira mnene unaopeleka maji kwenye rejeta. Spana zote ziko kwenye boksi. Anamwomba mwenye gari awashe, kisha anatulia tuli, macho ameyafumba nusu.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu. Mkewe ameketi kwenye benchi la gereji, amejifunga shuka mbili. Mara tatu kwa wiki mama huyu hupelekwa hospitali kusafishwa damu, jua halijachomoza, na msimu huu, ambao ni wa kwanza kuihitaji hita ya gari, hita inapuliza baridi tupu. Hurudi nyumbani akitetemeka. Safari nyingine ni kesho.

Gereji mbili zimeshatoa hukumu: dashibodi yote ing'olewe, rejeta ndogo ya hita inunuliwe mpya. Kiganja akisikia hayo anaguna.

"Niliuza spea miaka sita kabla sijashika spana," anasema. "Kila siku naona mtu ananunua kitu kizima, anakwenda kukiweka mahali pa kitu kizima. Roho ilikuwa inaniuma. Nikasema, ngoja nikajifunze kujua kilichokufa ni kipi."

Hakuletewa kazi kwenye sahani. Miezi minne ya mwanzo hakuna aliyemkabidhi ufunguo. Wateja walimuuliza fundi yuko wapi, naye amesimama mbele yao na ovaroli lake. Leo, akiwa na miaka arobaini na saba, hupokea magari kumi na moja kwa wiki. Jina la Kiganja alipewa na mafundi wenzake, waliochoka kumwona akipapasa na kupatia, na analionea fahari bila kujificha.

Feni inavuma vizuri. Maji yamejaa. Mipira miwili ya hita ina uvuguvugu ule ule, kwa hiyo maji yanapita, hakuna palipoziba. Tatizo ni kwamba hayapati moto. Na ule mpira mnene, uliopaswa kubaki baridi dakika kadhaa, umeanza kupata joto kidogo kidogo tangu gari liwake.

"Mwalimu, hebu shika na wewe," anasema. Hapendi mteja alipie kitu asichokigusa. Mwalimu anashika, na Kiganja anamweleza kuwa kuna kidude kinaitwa themostati, kinachozuia maji yasiende kupoozwa mpaka injini ishike moto. Cha gari hili ama kimekwama wazi, ama hakipo.

Anazima injini, anaiacha ipoe, anafungua bolti mbili. Ndani hamna kitu.

Anabaki ameinama. Bolti moja ina kichwa kikubwa kuliko mwenzake, naye anaijua, kwa sababu aliifunga mwenyewe miaka minne iliyopita, kiangazi kile magari yalipokuwa yakichemka ovyo. Themostati ilikwama ikiwa imefunga, nyingine haikupatikana mji mzima, akaitoa ili maji yapite. Alikusudia kuweka mpya wiki ya pili. Hakumwambia mwalimu, na akasahau.

Fundi umeme wa banda la jirani, aliyekuja kuchungulia, amekwisha kung'amua. Anamnong'oneza aweke mpya, afunge, ale sifa zake, nani atajua?

Na kweli, hakuna ambaye angejua. Kiganja anajifuta mikono hata baada ya kutakata, kisha anawaendea wazee wale wawili.

"Aliyeitoa ni mimi," anasema. "Nilitaka gari lisichemke, nikasahau kuwaambia. Mama amepigwa na baridi kwa sababu yangu. Naomba mnisamehe."

Anayejibu ni mkewe: "Hata ungenyamaza tungekushukuru, mwanangu. Haya, weka hiyo nyingine nione."

Themostati mpya inakaa mahali pake, maji yanaongezwa, hewa iliyonasa inatolewa. Safari hii mpira mnene unabaki baridi dakika nane nzima, ndipo unashika moto kwa mkupuo. Mama anaingia kiti cha mbele na kunyoosha vidole kwenye tundu la hewa. Baada ya muda anavua shuka moja, halafu ya pili, anampa mumewe azikunje. Kiganja anakataa malipo.

"Nimetengeneza magari mengi," anamwambia mwandishi wa habari hii siku nyingi baadaye, "lakini sijawahi kujivunia kazi kama siku ile."

Kiangazi kile alitoa themostati kwenye magari tisa. Tangu siku ya mwalimu amekuwa akiwapigia simu wenye magari hayo mmoja mmoja, na manane, pamoja na la mwalimu, yamekwisha kuwekewa mpya. Limebaki moja: pikapu ya kijani ya muuza mayai mmoja, ambaye simu yake haipatikani tena. Anataka limalizwe kabla baridi haijaisha.

"Andika hivyo hivyo," anamwambia mwandishi. "Akisoma, aje. Nina kitu chake."